Kanisa la Trzęsacz: Ukuta Mmoja Uliobaki Juu ya Gema

Katika kijiji cha Trzęsacz, kaskazini-magharibi mwa Poland, ukuta wa matofali mekundu umesimama peke yake juu ya gema, na Bahari ya Baltiki iko chini yake. Madirisha yake yana matao yaliyochongoka juu, lakini ndani hakuna kioo wala paa, ni anga tupu. Ni ukuta wa kusini wa kanisa la parokia lililojengwa mwishoni mwa karne ya 14 au mwanzoni mwa karne ya 15.

Wengi huamini kwamba mawimbi yaliligonga kanisa mpaka likabomoka. Sivyo. Kilichoondoka ni ardhi iliyolibeba.

Lilipojengwa lilikuwa katikati ya kijiji, karibu kilomita 2 kutoka baharini. Baada ya Matengenezo ya Kidini, parokia ile ya Kikatoliki ikawa usharika wa Kilutheri, na watu wakaendelea kubatizwa na kuzikwa hapo.

Tatizo ni kwamba gema hilo si mwamba. Ni udongo wa mfinyanzi na mchanga ulioachwa na barafu za enzi za kale. Dhoruba za majira ya baridi huuchimba kutoka chini. Juu nako maji ya mvua hupenya kwenye nyufa, yakaganda, yakatanuka na kuzipanua zaidi; barafu ikiyeyuka, udongo unalainika na kuporomoka.

Mwaka 1750 bahari ilikuwa kama mita 58 kutoka kanisani. Kufikia 1868 ilibaki mita 1 tu. Ukipiga hesabu utapata chini ya nusu mita kwa mwaka, na hapo ndipo watu hupotoka, kwa sababu gema halipungui kwa kipimo sawa kila mwaka. Linaweza kutulia kwa muda mrefu, kisha dhoruba moja ikaondoka na kipande kizima.

Ibada ya mwisho ilifanyika tarehe 2 Agosti 1874. Vifaa vya kanisa vikahamishwa, vingine vikapelekwa kanisa kuu la Kamień Pomorski. Kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa, maana mwaka 1901 ukuta wa kaskazini ulianguka. Ulitangulia huo kwa kuwa kanisa lilielekezwa mashariki, kama ilivyokuwa desturi, na bahari iko kaskazini: ililijia ubavuni. Kuta nyingine zilifuata kwa zamu, na kipande cha mwisho kilianguka mwaka 1994.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wahandisi waliliimarisha gema. Ukibahatika kufika, tazama ukuta huo kutoka kwenye jukwaa la wageni. Tafadhali usipande gema wala kukaa chini yake, hasa baada ya mvua: mizizi ya nyasi unazozikanyaga ndiyo inayoushika udongo wa juu.