Pesa za mjomba na viza ya mwanafunzi

Barua za vyuo zikianza kuingia, wateja wangu hapa katikati ya jiji la Nairobi huja na swali lilelile: fomu ya viza inajazwaje? Fomu ndiyo kazi nyepesi. Yanayoangusha maombi huwa yameshatokea kabla fomu haijafunguliwa, na mara nyingi ni jina au pesa.

Jina kwanza, maana kulirekebisha huchukua muda. Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) na pasipoti, usome herufi kwa herufi. Mfano, KCSE inasema Mwikali Faith, pasipoti Faith Mwikali Mutua, na kwenye cheti cha kuzaliwa karani aliandika Muikali. Mama mtu hukasirika: "Si ni mtoto yuleyule?" Ni yuleyule, ila afisa wa viza hamjui. Majina yakipishana mpangilio tu, mara nyingi hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo husaidia. Jina likibadilishwa kabisa, tafuta wakili akusajilie hati ya kubadilisha jina, ndipo urudi eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuomba pasipoti na kupanga siku ya kwenda Jumba la Nyayo, kwenye ofisi za uhamiaji.

Pesa ndizo zenye maneno. Sisi husomeshana kwa mchango: chama cha mama, shangazi wa Mombasa, mjomba wa Eldoret aliyeuza kipande cha shamba. Hakuna ubaya hapo. Ubaya ni zote kutua kwenye akaunti wiki ya mwisho. Stetimenti inaonyesha salio la elfu nane, elfu kumi na mbili, elfu tano, miezi mitano hivyo hivyo, kisha Jumanne moja milioni mbili. Macho ya afisa yataenda hapo moja kwa moja.

Uingereza sheria yao iko wazi. Ada iliyobaki pamoja na pesa za kujikimu zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango, na kati ya siku ya mwisho ya hizo 28 na siku unayotuma maombi zisipite zaidi ya siku 31. Ukitoa elfu tatu za gesi siku ya 20 na salio likashuka, unaanza kuhesabu upya. Akaunti iwe yako au ya mzazi, na cheti cha kuzaliwa kithibitishe kwamba ni mzazi wako. Ya mjomba asiye mlezi wako kisheria haihesabiki, hata aje na barua ya chifu. Basi azihamishe mapema, na mkataba wa kuuza shamba mkae nao karibu. Anayekuahidi stetimenti ya kutengeneza mkimbie: udanganyifu ukigunduliwa, Uingereza inaweza kukufungia mlango miaka 10.

Ujerumani hawahangaiki na hadithi nyingi. Unafungua akaunti maalumu iliyozuiwa, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Ukifika unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi.

Marekani ndiko mjomba anakopata heshima yake, anaweza kukudhamini. Lakini ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, hulipwa kabla ya mahojiano na ni mbali na ada ya viza. Pale ubalozini Gigiri, sheria yao inakuchukulia kama mtu anayetaka kuhamia huko mpaka uonyeshe vinginevyo. Ukiulizwa mjomba anafanya kazi gani, "ni mfanyabiashara" si jibu. Anauza nini, wapi, tangu lini? Mwanafunzi asiyejua anayemlipia huniogopesha kuliko asiye na pesa.

La mwisho, kwa wa Uingereza. Kozi ikizidi miezi 6, Mkenya hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Hapa Nairobi ni ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Cheti hudumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie Januari kwa ajili ya Septemba. Usingoje Agosti pia: eksirei ikizua shaka na daktari akataka makohozi, majibu ya maabara yanaweza kuchukua hadi wiki 8.