Msongo si sonona

Juzi nimemsikia tena mtangazaji redioni akisema "msongo wa mawazo, yaani sonona". Mgeni wake akalipokea bila kusita, akawashauri wasikilizaji wapunguze mawazo ili kotisoli, homoni ya msongo, ishuke na sonona iondoke. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na safari hii limeniuma kiasi cha kuketi niandike.

Maana kwanza, kwa haraka. Msongo ni hali ya mwili na akili kubanwa na jambo linalodai nguvu kuliko kawaida: deni, mtihani, mgonjwa ndani ya nyumba. Sonona ni ugonjwa. Mtu huwa na huzuni nzito, au hukosa kabisa raha ya vitu alivyovipenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi; na pamoja na hayo usingizi huharibika, chakula hakipiti au kinapita kupita kiasi, nguvu huisha, hujiona hafai, na wengine hutamani kufa. Hapo panatosha kwa maana. Nilichokusudia ni maneno yenyewe.

Msongo ni mtoto wa songa. Tunasonga ugali, watu husongamana mlangoni mwa daladala. Kila mahali neno hili lilipo, kuna kitu kinachokandamiza kingine. Mafundi umeme nao wanalo: ukisikia kwamba njia ya umeme itokayo Bwawa la Nyerere kwenda Chalinze ni ya msongo wa kilovoti 400, hujaambiwa kuwa njia hiyo ni mbovu. Umetajiwa ukubwa wa mkandamizo, basi. Hata stresi ya Waingereza ilitumiwa na wahandisi, waliopima nguvu inayobana chuma, kabla ya mtafiti wa homoni Hans Selye kuipa umaarufu katika tiba. Selye alikuwa Montreal mwaka 1936 alipochapisha barua fupi katika jarida la Nature kuhusu panya waliopatishwa taabu za kila namna, baridi kali, majeraha, sumu, na bado miili yao ikajibu kwa namna ileile: tezi zilizo juu ya figo zikavimba, matumbo yakapata vidonda.

Sonona ni ukoo mwingine kabisa. Lilikuwa kitenzi kabla halijawa jina la ugonjwa: kusonona, kusononeka, kumsononesha mtu, masononeko. Ni kuumia, kuumia kwa ndani. Tazama kwamba ndani ya neno hili hamna anayesonga. Maumivu yapo, mkandamizaji hayumo. Waliolichagua kwa ajili ya ugonjwa walituchagulia vizuri, kwa sababu mtu aweza kusonona hali mshahara umeingia, watoto wazima na nyumba haina ugomvi. Bila shaka msongo wa muda mrefu huweza kumfikisha mtu kwenye sonona, hasa misiba na kuteswa utotoni. Lakini njia iendayo mjini siyo mji.

Kinachonisikitisha zaidi ni kile kipande cha "wa mawazo". Katika lugha yetu, kusema fulani "ana mawazo" ni kusema ana jambo linalomsumbua. Ukiuita ugonjwa kwa jina hilo, umeshatoa na dawa yake: aache mawazo. Mama yangu mdogo aliugua sonona, na kwa miezi minne kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia, "Dada, punguza mawazo." Siku moja nikiwa namkanda miguu akaniambia, "Mwanangu, sina mawazo yoyote. Ningekuwa nayo ningefurahi. Ndani ni kutupu." Tulikuwa tumemwagiza aache kitu asichokuwa nacho.

Sasa kotisoli, maana imegeuzwa kuwa sumu. Ubongo ukiona hatari, sehemu yake iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamsha zile tezi za juu ya figo, ndizo zinazomwaga kotisoli. Hupandisha sukari kwenye damu ili upate nguvu. Hupanda pia kila alfajiri kukuamsha, na mtu asiye nayo kabisa hafi kwa furaha, anakufa kwa ugonjwa. Kwa kawaida kotisoli yenyewe hurudi kuuambia ubongo: inatosha. Kwa baadhi ya wenye sonona kali breki hiyo hulegea. Jambo hili lilijulikana zamani kwa kipimo cha deksamethasoni, dawa ambayo ingepaswa kuishusha kotisoli lakini kwao haikuishusha. Hata hivyo wagonjwa wengi breki yao ni nzima, ndiyo maana hakuna kipimo cha damu cha kotisoli kinachoweza kukuambia una sonona. Dawa za kuzuia homoni hizi zimejaribiwa kwa miaka mingi, nazo hazijatimiza matumaini yaliyowekwa kwazo.

Serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, nayo haijapona. Watu huizungumzia kama mafuta ya gari: yamepungua, jaza. Lakini dawa za sonona kama fluoxetine huanza kubadili serotonini ndani ya saa chache, na nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Mwaka 2022 daktari wa akili wa Uingereza, Joanna Moncrieff, na wenzake walipitia tafiti nyingi na hawakupata ushahidi thabiti kuwa sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Hilo halisemi kuwa dawa hazisaidii, na nakuomba usiache dawa yako kwa sababu ya sentensi hii. Maji huzima moto, wala moto haukuja kwa upungufu wa maji.

Ndiyo maana tiba mpya zimepita njia nyingine. Esketamine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona iliyokataa dawa nyingine, hugusa mfumo wa glutamati, kemikali nyingine ya ubongo, na wengine hupata nafuu kwa saa au siku. Zuranolone, ya mwaka 2023, ni vidonge vya siku 14 kwa akina mama wenye sonona baada ya kujifungua. Inafanana na kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na homoni ya projesteroni.

Wala si kemikali tu. Katika vijiji vya Masaka na Rakai, Uganda, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 waliwauliza wenyeji kwanza wanauitaje ugonjwa huu. Wakapewa majina mawili ya Kiganda: okwekyawa, kwetu kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Wakatumia majina hayohayo, wakakusanya wagonjwa katika vikundi vya mazungumzo, na wengi wakapata nafuu kubwa. Tiba hiyo haikuwa ya kumwambia mtu aache mawazo.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, na wewe uliyeandika bango la kliniki mtaani kwetu, neno msongo libaki kwa mwenye mtihani kesho. Akija mtu wa wiki ya tatu haogi, hali, hacheki na mtoto wake, tuseme anaumwa sonona, na kabla ya kumshauri chochote tumuulize ilianza lini.