Je, wajua kwa nini chanjo ya HPV siku hizi ni sindano moja tu?

Chanjo hii, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi kwa kuzuia kirusi cha HPV, ilipoanza kutumika mwaka 2006, msichana alichomwa sindano tatu ndani ya miezi sita. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) likasema mbili zinawatosha wenye miaka 9 hadi 14. Desemba 2022 likasema hata moja inaweza kutosha. Mzazi anayesikia hivyo ana haki ya kuuliza: wanatupunja? Dozi zinapunguzwa kwa kuwa sisi ni maskini?

Hapana. Na sehemu kubwa ya ushahidi wenyewe umetoka kwa wasichana wa Kisumu, Thika, Nairobi na Mwanza.

Tuanze na kirusi. HPV huambukizwa zaidi kwa kujamiiana, na watu wengi hukipata wakati fulani maishani bila hata kujua. Kwa kawaida mwili hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida ni pale kinapong'ang'ania. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeongoza kuzitambua, 1983 na 1984, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20, na kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa inaweza kuwa 5 hadi 10 tu.

Kwa nini mwili uliokwisha kuugua haujikingi vyema? Kwa sababu HPV hujificha. Hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi laini, hakisambai kwenye damu wala hakiharibu seli kwa kishindo, kwa hiyo askari wa mwili hawashtuki. Kingamwili, yaani protini za mwili zinazonasa kirusi, hutokea chache, na wengine hawazipati kabisa.

Chanjo inafanya kinyume. Mwaka 1991, huko Brisbane, Australia, Ian Frazer na Jian Zhou waligundua njia ya kuyafanya maganda ya kirusi yajiunde yenyewe maabara kutokana na protini zake. Katika ganda kamili, nakala 360 za protini iitwayo L1 hujipanga kuwa tufe dogo sana. Kwa nje ni kama kirusi chenyewe, ndani ni tupu. Hakuna vinasaba vya HPV humo, ndiyo maana chanjo haiwezi kumwambukiza mtu wala kumletea saratani. Ule uvumi kwamba inafunga kizazi umechunguzwa na wataalamu wa usalama wa chanjo, na hawakupata ushahidi wowote wa kuuunga mkono. Nalisema hili wazi kwa kuwa uvumi huo umewanyima mabinti wengi kinga.

Siri ya dozi moja imo katika mpangilio wa ganda hilo. Umbo lilelile linajirudia mara nyingi, kwa nafasi zilezile, na seli za kinga zinazokutana nalo huamshwa kwa nguvu isiyo ya kawaida. Na kwa kuwa sindano inachomwa kwenye msuli, zinakutana nalo waziwazi. Baadhi ya seli hizo huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutengeneza kingamwili kwa miaka. Halafu HPV chenyewe ni kirusi cha polepole: huingia kupitia michubuko midogo, nacho huchukua saa nyingi kabla ya kupenya kwenye seli. Muda huo unatosha kingamwili kukinasa, hata zikiwa si nyingi.

Dalili ya kwanza ilipatikana bila kukusudiwa. Kwenye jaribio lililofanyika Costa Rica, baadhi ya wanawake hawakumaliza dozi tatu, wengine kwa sababu walishika mimba. Waliopata moja tu walipofuatiliwa, walikuwa bado wamekingwa baada ya zaidi ya miaka kumi. Lakini hao hawakupangwa kwa kura nani apate dozi ngapi, kwa hiyo ilibidi kupima rasmi.

Kenya ikafanya hivyo kupitia utafiti wa KEN SHE, uliohusisha wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Makundi mawili yalipewa dozi moja ya chanjo ya HPV, kila moja ya aina yake, na kundi la tatu chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na hawa baadaye nao wakapewa ya HPV. Baada ya miezi 18, maambukizi ya kudumu ya aina 16 na 18 yalikuwa mawili tu katika makundi mawili ya HPV, na 36 katika kundi moja la kulinganisha. Hiyo ni kinga ya asilimia 97.5. Mwanza, utafiti wa DoRIS uliwapa mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14 dozi moja, mbili au tatu. Wa dozi moja walikuwa na kingamwili kidogo kuliko wenzao, ila karibu wote walikuwa nazo baada ya miaka miwili, na kiwango hakikuporomoka.

Kwa Afrika Mashariki faida si ndogo. Binti akihama shule au akipelekwa kwa shangazi mji mwingine, dozi ya pili ilikuwa inapotea hapo. Tanzania, iliyoanza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, ilihamia dozi moja Aprili 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Kuna wasiohusika na punguzo hili. Mwenye VVU anahitaji angalau dozi mbili, na ikiwezekana tatu. Wanawake wa miaka 21 na zaidi, mbili. Na mama wa binti aliyechanjwa bado aende kupima saratani ya mlango wa kizazi, hata akichanjwa yeye mwenyewe: WHO inashauri uchunguzi uanze miaka 30, au 25 kwa mwenye VVU, kwa sababu chanjo haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia.