Plau haiinuki, au inainuka kisha inashuka? Mikono ya nyuma ya Massey Ferguson 135

Masika yakikaribia, simu hazitulii. Wa Lunga Lunga, wa Shimba Hills, wa Ganze, wote neno lao moja: "Fundi, pampu ya trekta imekufa, nitafutie nyingine." Trekta yenyewe mara nyingi huwa ni Massey Ferguson 135, ile iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na bado inalima Pwani hii. Kabla sijataja bei ya kitu chochote huwa nauliza hivi: mikono haiinuki kabisa, au inainuka halafu inashuka yenyewe? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na pampu mara nyingi haimo katika lolote kati yake.

Tuanze na jinsi mfumo unavyofanya kazi, maana anayeuelewa hadanganywi na fundi wala na muuza spea. Mikono miwili ya juu imekaa kwenye ncha za shafti inayopita upande hadi upande ndani ya kile kifuniko kikubwa chini ya kiti. Chini ya kifuniko hicho kuna silinda yenye pistoni moja. Oili ikiisukuma pistoni, shafti inazunguka, mikono ya juu inapanda, na rodi mbili zinazoning'inia zinaivuta mikono ya chini, ambako plau imefungwa. Silinda hii inasukumwa upande mmoja tu. Oili kazi yake ni kupandisha. Kushusha ni kazi ya uzito wa plau. Kwa hiyo mtu akiniambia mikono mitupu inachelewa kushuka, namwambia aifunge plau kwanza ndipo tuzungumze.

Pampu imezama ndani ya oili ileile ya gia, nayo inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma ili kuendesha vifaa. Kutokana na hilo kuna mambo mawili. Ukikanyaga klachi mpaka chini, pampu inasimama, hata injini ikiunguruma vipi. Pia uchafu wowote wa gia, pamoja na maji yaliyoingia kupitia kifuniko cha kujazia au mpira uliochanika wa kipini cha gia, unaishia kwenye pampu. Trekta inayolala nje mvua nzima huwa na oili iliyogeuka rangi ya maziwa. Oili ya namna hiyo imwage yote, safisha chujio, tia mpya, kisha jaribu tena kabla ya kufungua kitu kingine. Zipo trekta zinazopona hapohapo, na mwenyewe akarudi nyumbani na pesa za pampu mfukoni.

Sasa kipimo. Funga plau, inua hadi juu, zima injini, halafu simama kando uangalie. Mkono wa trekta ya umri huu ukishuka polepole kwa saa nyingi, usijisumbue. Plau ikigusa ardhi kabla hujamaliza kikombe cha chai, kuna mahali oili inapita. Dalili nyingine iko wazi zaidi: injini ikiwa inazunguka, mikono inatikisika juu chini, juu chini, bila mtu kugusa kipini cha kuinulia. Oili inavuja, mikono inashuka kidogo, vali inahisi na kuamuru pampu iirudishe juu, oili inavuja tena. Hapo pampu ni nzima. Inafanya kazi kupita kiasi kwa sababu ya uvujaji wa mwingine.

Uvujaji huo una makao yake: pete na o-ringi (vile vipete vya mpira) za pistoni ndani ya silinda, o-ringi za bomba la wima linalopandisha oili kutoka kwenye pampu kwenda kwenye silinda, au vali ya usalama. Ubavuni kulia mwa trekta, pale penye kijiti cha kupimia oili, kuna kifuniko kidogo. Punguza oili isije ikamwagika, kifungue, washa injini, inua mzigo, kisha mulika ndani kwa tochi. Oili ikitiririka kutoka mdomo wa silinda, shida ni pistoni. Ikiruka kando ya bomba la wima, ni o-ringi tu, na hicho ni kitu cha bei ndogo kabisa ambacho watu huuziwa pampu nzima kwa ajili yake. Hili linaniuma sana. Mkulima wa ekari chache hana pesa za kutupa, na dakika chache za tochi zingemwonyesha ukweli.

Lakini tochi iwe mbali, na uso uwe mbali zaidi. Mfumo huu unaweza kufikia takriban pauni 3,000 kwa inchi ya mraba. Usitafute uvujaji kwa kidole hata siku moja. Oili ya shinikizo hilo hupenya ngozi kama sindano. Tundu ni dogo, halivuji damu nyingi, mtu anafunga kitambaa na kuendelea, kumbe ndani nyama inaoza. Aliyepigwa na oili hiyo apelekwe hospitali papo hapo, asingojee kesho. Na asiingie mtu chini ya plau iliyoshikiliwa na oili. Ishushe chini, au iegemeze juu ya magogo imara. Jeki peke yake haitoshi.

Ikiwa ni pistoni, kifuniko kikubwa lazima kitoke. Kiti kinatoka, rodi zinafunguliwa kwenye mikono ya juu, bomba la wima linavutwa juu, bolti za pembeni zote zinatoka. Kifuniko ni kizito, na silinda imefungwa chini yake, kwa hiyo tumia winchi ya mnyororo na ukipandishe wima. Wanaokiinua kwa watu wanne na mtaimbo ndio wanaopinda vyuma vya kuongozea vali. Kabla ya kuchomoa mikono kwenye meno ya shafti, piga alama kwa sentapanchi, moja kwenye mkono na moja kwenye shafti. Ukirudisha jino moja pembeni, mkono mmoja utakuwa juu ya mwenzake na plau itakaa upande maisha yake yote.

Silinda ikitoka, ifute kavu na upitishe ukucha ndani yake. Ukucha ukikwama kwenye mchirizi, hiyo silinda imekwisha. Pete mpya zitakaa muda mfupi tu kisha tutaonana tena. Ikiwa laini, badilisha pete na kila o-ringi uliyoigusa, hata inayoonekana nzima, kwa sababu mpira wa zamani hukauka ukawa mgumu. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, na upime unene wake kwa kalipa. "Inafanana" haitoshi. Hapohapo angalia bushi za shafti. Ukiushika mkono wa juu na kuutikisa, shafti ikacheza, sili mpya ya pembeni haitazuia oili mpaka bushi zibadilishwe.

Wakati wa kurudisha, mtu mmoja awe kwenye kile kifuniko cha ubavuni akitazama ndani, ahakikishe vyuma vya vipini vimeingia mahali pake kwenye pampu kabla bolti hazijakazwa. Visipoingia, utamaliza kazi yote, uwashe injini, na mikono haitasogea. Zile bolti za ncha za shafti nazo usizikaze kwa nguvu zako zote. Kipimo chake ni hiki: mkono ukiuinua na kuuachia, ushuke kwa uzito wake wenyewe. Ukigoma, umebana mno.

Mikono ya chini haihusiani na oili, na ndiyo inayoharibika zaidi. Gololi zenye tundu zilizo kwenye ncha zake huliwa hadi zinaruka kutoka kwenye makao yake. Zinauzwa ncha mpya za kuchomelea. Ng'oa mkono kwenye trekta kabla ya kuchoma; umeme wa kuchomelea ukipita kwenye bearingi za trekta unaziharibu. Pima urefu kutoka kitovu cha gololi hadi kitovu cha gololi kabla ya kukata, na mikono yote miwili iwe sawasawa. Noa kingo kwa grenda ziwe umbo la V ili moto ufike katikati ya chuma, kipashe chuma joto kwanza, halafu tumia vijiti vya kuchomelea vya 7018.

Na hapa Mombasa pana jambo lake. Vijiti hivyo vinataka ukavu, nasi tunaishi katika hewa ya bahari. Pakiti iliyoachwa wazi juu ya meza imeshakunywa unyevu, na unyevu ule unaingiza haidrojeni kwenye mshono. Kwa macho mshono utakuwa mzuri, kisha utapasuka chini ya mzigo siku inayofuata. Vikaushe kwenye oveni maalumu na uvichukue vichache vichache. Mshono ukimalizika uache upoe polepole. Kuumwagia maji ni kuuvunja kabla haujafanya kazi.

Pini nazo. Massey 135 nyingi ni za daraja la kwanza, yaani saizi ndogo ya pini: za mikono ya chini ni milimita 22, ya toplinki, ule mkono wa katikati juu, ni 19. Plau ya daraja la pili ina 28 na 25. Watu hukata nondo ya ujenzi ya milimita 20 na kuiita pini. Nondo hiyo inacheza ndani ya gololi, inailia tundu, na ikikatika barabarani plau inaning'inia upande mmoja nyuma ya trekta, na watoto wa shule wanapita. Nimemwambia mzee mmoja wa Matuga mbele ya dereva wake, kwa heshima zote, kwamba trekta yake haitoki getini na pini ile. Alikasirika, kisha akanunua.

Trekta za kuvuta boti ufukweni zina dawa yao peke yake: maji yasiyo na chumvi kila zikitoka baharini, na grisi mpya kwenye kila gololi na kwenye gia ya kusawazisha iliyo kwenye rodi ya kulia, siku hiyohiyo. Chumvi ikila shafti pale sili inapokaa, hakuna sili itakayoshika. Hapo ni kwenda kwa mkerezaji.

Kazi ikiisha, jaribu kwa mzigo halisi. Hakikisha pia springi ya toplinki, nyuma ya kiti, haina mchezo wowote kwenye nati yake, la sivyo kile kipini kinachoifanya plau ipande kidogo kwenye udongo mgumu kitakuwa kinapokea habari za uongo. Shambani, gurudumu la kulia likiingia kwenye mtaro, fupisha rodi ya kulia kwa mkono wake wa kuzungusha mpaka plau ikae sawa na ardhi. Jioni ya siku ya kwanza, pima oili tena na kaza bolti za kifuniko kwa zamu, kutoka katikati kwenda kwenye pembe.