Nguvu katika mabadilishano: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nguvu ni kipaji cha mtu

Tukimwona mtu anayeondoka na fungu kubwa katika kila patano, haraka tunasema ni mjanja, ana ulimi, kazaliwa nayo. Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Richard Emerson, alilitazama jambo hili upande wa pili: nguvu yangu juu yako inalingana na jinsi wewe unavyonitegemea. Utegemezi huo nao unatokana na mambo mawili, yaani unakithamini kiasi gani nilicho nacho, na kama unaweza kukipata kwa mwingine. Ndiyo maana kuuliza "nani ana nguvu?" hakutoshi. Juu ya nani? Na huyo ana njia gani nyingine? Mtu yuleyule humbana huyu na kubanwa na yule, wala tabia yake haijabadilika.

Dhana: Aliye katikati ndiye mwenye nguvu

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi kuliko zote, na hata wasomi waliiamini. Hebu tuijaribu. Wapange watu watano katika mstari, kila mmoja aweze kupatana na jirani zake tu. Wawili wakikubaliana wanagawana alama 24 watakavyo, wasipokubaliana hawapati kitu. Kila raundi mtu anaruhusiwa patano moja tu. Nani atajikusanyia alama nyingi?

Jibu la haraka ni wa tatu, maana yuko kati na karibu na wote. Mwaka 1983 mwanasosholojia Karen Cook, Emerson na wenzao walionyesha kwamba sivyo: wanaonufaika ni wa pili na wa nne. Angalia hesabu yenyewe. Watu watano hawawezi kufanya mapatano zaidi ya mawili kwa raundi, kwa hiyo lazima mmoja akose mwenza. Mapatano yote mawili yakitimia, anayekosa ni wa kwanza, wa tatu au wa tano. Wa pili na wa nne hawakosi kamwe. Wa kwanza hana pa kwenda ila kwa wa pili, na wa tano hana ila wa nne. Wa tatu anao majirani wawili, lakini kila mmoja wao ana mtu wa pembeni anayemngoja kwa hamu. Aliyekosa raundi hii hushusha madai yake raundi ijayo, mwenzake naye hushusha zaidi, na alama huzidi kuelekea kwa wale wawili.

Dhana: Mwenye mahusiano mengi ndiye mwenye nguvu

Mstari huohuo unatosha kuikanusha. Wa pili, wa tatu na wa nne wote wana majirani wawili wawili, lakini hawalingani hata kidogo.

Kanuni ya mabadilishano ina uzito kuliko idadi. Chukua watu watatu katika mstari. Wa kati akiruhusiwa patano moja tu, wale wawili watashindana kushusha madai mpaka yeye achukue karibu kila kitu. Mruhusu apatane na wote wawili kila raundi, na ubabe wake unayeyuka, kwa sababu hakuna tena wa kukosa. Mstari ni uleule. Mwanasosholojia David Willer na wenzake waliishikilia sana hoja hii: cha kutazama ni nani anaweza kutengwa. Ukipanga watu wanne katika mstari, kila mtu anaweza kupata mwenza, na wawili wa kati huzidi wa pembeni kidogo tu.

Dhana: Anayewabana wengine anajua na amekusudia

Si lazima. Katika majaribio ya Cook na Emerson yaliyochapishwa mwaka 1978, washiriki hawakulijua umbo la mtandao wao, yaani nani anaweza kupatana na nani, na bado tofauti ya mapato ilijitokeza. Kila mmoja alikuwa akitafuta patano zuri kwa jirani zake tu. Walipopewa habari za mapato ya wenzao, kujali haki kuliwazuia wenye nafasi nzuri wasiitumie kikamilifu. Kwangu hili ni jambo zito: dhuluma inaweza kukua mahali ambapo hakuna dhalimu anayejijua, na kuweka mapato wazi kunaweza kuipunguza.

Dhana: Mnyonge hana la kufanya

Emerson alitaja njia nne: kupunguza hamu ya kile unachokitaka, kutafuta mtu mwingine wa kupatana naye, kumpa mwenye nguvu heshima anayoitamani ili naye akuhitaji, na kuungana na walio katika hali kama yako. Hiyo ya mwisho hugusa kiini. Katika ule mstari wa watu watatu, wale wawili wa pembeni wakikubaliana kutoshuka chini ya alama fulani, wa kati hana wa kumtumia dhidi ya mwingine. Ugumu ni kwamba kila mmoja wao anashawishika kushuka kidogo kwa siri ili asikose patano, na muungano wao hudumu zaidi pale kila mmoja anapoweza kuona mwenzake amekubali nini.