Mpako wa kuua bakteria kwenye waya za meno: maswali ya wazazi wa Arusha na Moshi

Wazazi wanaowapeleka watoto kuwekewa waya za kunyoosha meno wameanza kuuliza habari za mpako unaosemekana kuua bakteria juu ya vyuma hivyo. Majibu yafuatayo yanahusu mpako huo, na pia maji yetu ya huku kaskazini, kwa sababu mambo hayo mawili hukutana katika jino moja.

Swali: Mwanangu wa miaka 13 anawekewa waya mwezi ujao. Bakteria wanahusikaje?

Jibu: Chuma chenyewe hakiozeshi jino. Taabu ni kwamba kila braketi, yaani kile kichuma kidogo kinachogandishwa mbele ya jino, huongeza vipembe ambavyo ulimi hauvifikii na mate hayavisuuzi vizuri. Humo hujijenga ukoga, ambao si makombo ya chakula bali ni utando hai wa bakteria, wakiwemo wale wanaoitwa Streptococcus mutans, wanaokula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo ikishusha pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, kwenye uso wa jino hadi chini ya takriban 5.5, madini ya kalisi na fosfati huanza kuyeyuka kutoka kwenye enameli, lile tabaka gumu la nje. Alama ya kwanza ni weupe kama wa chaki pembeni mwa braketi, na inaweza kuonekana ndani ya wiki nne tu tangu waya ziwekwe. Ukikumbuka kwamba waya hukaa mdomoni kwa kawaida mwaka mmoja na nusu hadi miwili, utaona kwa nini watafiti wanahangaika kutafuta chuma kisichokaliwa na bakteria.

Swali: Mpako huo hufanyaje kazi?

Jibu: Kuna mipako ya aina kadhaa, na kila moja ina njia yake. Uliochunguzwa sana ni wa chembe ndogo mno za fedha, na hapa tunamaanisha madini ambayo masonara hufulia pete na vikuku. Chembe hizo huachia ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazotoboa ukuta wa bakteria na kuvuruga vimeng'enya vyake. Zinki oksidi na shaba nazo zimejaribiwa kwa lengo hilohilo, na vilevile kitosani, dutu inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Titani dioksidi hufanya kazi ikipigwa na mwanga, hasa wa urujuanimno, na udhaifu wake unajionyesha wenyewe, kwa kuwa mdomo ukifumbwa ni giza. Kundi jingine haliui kitu. Huufanya uso wa chuma uwe mtelezi kiasi kwamba bakteria hawapati pa kushika.

Tatizo la mipako hii yote ni mate. Dakika chache baada ya chuma kuingia mdomoni, protini za mate hukifunika kwa utando mwembamba, na bakteria wanaokuja baadaye hutua juu ya utando huo wala si juu ya mpako. Kwa hiyo mpako unaoua kwa kugusana tu unaweza kufifia mapema, na ule unaoachia dawa huendelea kufanya kazi hadi dawa yake ipungue. Tuongeze msuguano wa mswaki, wa chakula na wa waya inayoteleza ndani ya braketi kila siku. Mpako uliotamba maabara kwa siku chache una safari ndefu kabla ya kuthibitika kwa miezi 18 mdomoni mwa kijana anayekula makande.

Swali: Je, nimwombe daktari wetu amwekee mtoto waya zenye mpako huo?

Jibu: Kuuliza ni haki yako, lakini ushauri wangu ni kwamba usiahirishe matibabu wala usikope pesa kwa ajili yake. Sehemu kubwa ya ushahidi uliopo imetoka maabara na kwa wanyama. Majaribio kwa watu ni machache na ya muda mfupi. Ukiambiwa bidhaa fulani ina mpako huo, uliza umejaribiwa kwa wagonjwa kwa muda gani, na kama madoa yalipungua kweli kwenye meno yao, si idadi ya bakteria kwenye kioo cha maabara tu.

Swali: Fedha hiyo ikimezwa haidhuru?

Jibu: Kiasi kinachotoka kwenye mpako ni kidogo sana, lakini ikizidi inaweza kudhuru hata seli za mwili, na ndiyo sababu watafiti hupima pia madhara hayo, si nguvu ya mpako tu.

Swali: Tunaishi Maji ya Chai na meno ya binti yangu yana madoa ya kahawia. Floridi nyingi aliyokunywa si itamkinga?

Jibu: Hapana, na naomba wazazi wa Arumeru walisome jibu hili kwa makini. Maji mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi kupita 1.5 mg kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, kwa sababu hupita kwenye miamba ya volkano. Magadi tunayotia kwenye maharage nayo huongeza. Floridi hiyo huharibu enameli wakati jino bado linaundwa ndani ya taya, na kwa meno ya mbele kipindi hicho huwa kimekwisha mtoto akifika takriban miaka 8. Enameli iliyoathirika sana huwa na vinyweleo na vishimo, na huoza kama nyingine.

Kutokana na hayo, mtoto aliyefika miaka 13 hataongezewa ukahawia kwenye meno ya mbele na dawa ya meno yenye floridi. Wapo wazazi wanaomnyima mtoto dawa hiyo kwa hofu ya madoa, wakati huo ndio wakati anaoihitaji kuliko wote. Mdogo wake wa miaka minne ndiye wa kuangaliwa asiimeze, na apakiwe kiasi cha punje ya njegere tu.

Mjulishe pia daktari kwamba mtoto amekulia huko. Enameli ya namna hiyo haishiki gundi vizuri, kwa hiyo huenda daktari akahitaji kuipaka asidi ya kuandalia jino kwa muda mrefu zaidi ili braketi zisidondoke.

Swali: Nitatofautishaje doa la maji na doa la waya?

Jibu: Doa la maji lilikuwepo kabla ya waya, na mara nyingi hufanana kwenye meno ya kulia na ya kushoto. La waya huzunguka braketi, hasa upande wa ufizi. Omba meno yapigwe picha kabla ya kuanza. Nyumbani, msimamishe mtoto dirishani asubuhi, ulifute jino mate kwa kitambaa safi na uliangalie likiwa kavu, maana doa changa hujificha likilowa.

Swali: Kwa sasa tumkinge kwa nini?

Jibu: Kwa mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floridi ya takriban 1,450 ppm (sehemu kwa milioni, huandikwa kwenye pakiti), akilaza nywele za mswaki kwanza juu ya braketi, kisha chini yake kwenye mpaka wa ufizi. Ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki mdogo mwembamba upitishwe chini ya waya. Soda na chai ya sukari ziende pamoja na mlo badala ya kunywewa kidogokidogo mchana kutwa. Miwa na mahindi ya kuchoma yasubiri, kwani hung'oa braketi.

Swali: Waya zikitolewa, madoa yataondoka?

Jibu: Mengine hufifia katika miezi ya mwanzo, mate yanaporudisha madini. Yale yaliyozama hubaki, na daktari anaweza kuyajaza utomvu mwepesi unaopenya ndani ya enameli bila kuchimba jino. Mpe miezi kadhaa kabla ya kuamua.