Mradi ni wa mtoto, wewe ni msimamizi

Siku ya maonyesho ya klabu za vijana, kazi iliyonyooka kuliko zote mara nyingi ni ya mtu mzima. Watoto walishika jembe kwa ajili ya picha tu. Wanaojitolea hawafanyi hivyo kwa ubaya: Jumamosi ni fupi, watoto ni wengi, na wazazi wanataka kuona kitu. Lakini klabu za 4K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya), yaani klabu za kilimo za wanafunzi zilizofufuliwa shuleni mwaka 2021, hazikurudishwa ili tuvune mboga nyingi. Zinataka mtoto afanye, aone matokeo, kisha aseme kwa nini yamekuwa hivyo.

Chukua mradi unaofaa mitaa isiyo na shamba, kama Kibera na Mathare jijini Nairobi: sukuma wiki kwenye gunia. Mnahitaji gunia kuukuu, udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kokoto, na mkebe uliotolewa kitako. Mkebe husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo huwekwa kuuzunguka, halafu mkebe huvutwa juu na kazi hurudiwa mpaka gunia lijae. Inabaki nguzo ya kokoto inayoshusha maji hadi chini. Miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Bila shaka kikundi kimoja kitaona kokoto ni usumbufu na kujaza udongo mtupu. Waacheni. Wapeni kazi ya kuhesabu vikombe vya maji na kupima miche kwa rula kila wiki, ya juu na ya chini, na kuandika daftarini. Miche ya chini ikidumaa kwa kiu, uliza: "Mnaona nini? Maji yameishia wapi? Mkianza upya mtabadilisha nini?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Kimya kikizidi kidogo tunajijibu wenyewe, na somo linakuwa letu. Sukuma wiki huanza kuchumwa takriban wiki sita hadi nane baada ya kupandikizwa, kwa hiyo mkianza mapema, muhula wa kwanza au wa pili unatosha kukosea, kurekebisha na bado kula.

Yapo makosa ya kuachia, nayo ni yale yanayoua mche. Yanayoweza kumuumiza mtoto hayaachiwi. Ile methali ya mtoto akililia wembe mpe haina kazi klabuni: matundu ya gunia yatobolewe mbele ya macho yako, mmoja mmoja, visu vihesabiwe kabla na baada.

Hatari isiyoonekana ni udongo wenyewe. Mwaka 2007, utafiti wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kuhusu jaa la taka la Dandora jijini Nairobi ulipima watoto 328, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha juu. Msichote udongo karibu na jaa, gereji au mahali panapovunjwa betri kuukuu, hata kama ni mweusi na unavutia. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuguswa chakula chochote.

Kuhusu pesa: ukimwambia kila mtoto alete mia mbili, baadhi hawatarudi wiki ijayo, wala hawatakwambia sababu.

Mwisho ni ulinzi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamkinga mtoto dhidi ya kila aina ya unyanyasaji, na klabu yako haiko nje ya sheria hiyo. Wawepo watu wazima wawili wakati wote, mlango uwe wazi, na picha zisisambazwe bila idhini ya mzazi. Mtoto akikueleza jambo la kutisha, msikilize bila kumwahidi kwamba utaficha siri, andika alivyosema kwa maneno yake, kisha piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au uende kwa afisa wa watoto wa eneo lenu. Usimhoji mara ya pili ili upate uhakika. Kuchunguza ni kazi ya maafisa, na mtoto anayerudiarudia kisa kile kile anaumizwa upya.